Utafiti wa pesa na benki kwenye simu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wanafunzi wanaotafuta mada ya tasnifu, maofisa wa benki na kampuni za simu wanaosoma ripoti za watafiti, na yeyote anayetaka kujua wasomi wamegundua nini kuhusu huduma ambayo leo mtu wa Kariakoo, Kisumu au Bukavu anaitumia kabla hata ya kunywa chai. Msimamo wangu nautaja mapema: tumeandika mno kuhusu sababu zinazomfanya mtu aseme atatumia huduma, na tumeandika kidogo kuhusu anavyoitumia baada ya laini kusajiliwa.

Benki kwa simu na pesa kwa simu ni kitu kimoja?

Hapana, na tasnifu nyingi huharibikia hapa, kwenye ukurasa wa kwanza. NMB Mkononi au SimBanking ya CRDB inamtaka mtu awe na akaunti ya benki kwanza. Simu ni mlango tu wa kuingilia kwenye akaunti ile. M-Pesa, Airtel Money au HaloPesa haimtaki mtu awe na benki. Laini yake ndiyo akaunti, na fedha zenyewe zinakaa benki kwenye akaunti ya amana kwa niaba ya wateja wote.

Tofauti hii hubadilisha majibu. Anayetumia SimBanking mara nyingi ana mshahara au biashara inayopita benki na amezoea fomu na vitambulisho. Ukimweka kapu moja na mama anayepokea pesa ya matumizi kutoka kwa mwanawe kwa kubonyeza *150*00#, wastani utakaopata haumwelezi yeyote kati yao. Katikati zipo huduma zilizounganisha pande mbili, kama M-Shwari iliyoanza Kenya Novemba 2012 na M-Pawa iliyofuata Tanzania mwaka 2014: akiba na mikopo ya benki, lakini mlangoni yupo mtandao wa simu. Andika mapema unachunguza ipi.

Hadithi ya M-Pesa inaanzia wapi, na ina faida gani kwa mtafiti?

Majaribio yalifanyika Kenya kuanzia mwaka 2005, Thika ikiwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo. Vodafone ilishirikiana na Safaricom na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, na sehemu ya fedha ilitoka serikali ya Uingereza. Nia ilikuwa wakopaji warejeshe mikopo yao kwa simu. Watu waliopewa simu zile wakafanya mambo yao: wakatumiana pesa, wakalipana, wakaweka fedha kwa wakala mmoja asubuhi na kuzitoa kwa mwingine baada ya safari ili wasitembee na noti mfukoni. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, suala la kurejesha mikopo lilikuwa limewekwa kando na wito ukawa kutuma pesa nyumbani. Tanzania ilipata M-Pesa yake kupitia Vodacom mwaka 2008.

Kwa mtafiti, somo ni zito. Kama ungekwenda Thika na dodoso linalouliza "Je, una nia ya kutumia simu kurejesha mkopo?", ungepima kwa usahihi mkubwa jambo ambalo watumiaji hawakulijali.

TAM ni nini, na kwa nini iko kwenye kila tasnifu?

Ni kielelezo cha kukubali teknolojia (Technology Acceptance Model), cha Fred Davis cha mwaka 1989, kilichotengenezwa kueleza kwa nini wafanyakazi wa ofisini wanakubali au wanakataa mifumo ya kompyuta. Kinasema mambo mawili ndiyo yanayojenga nia: mtu anaonaje manufaa ya kitu hicho, na anaonaje wepesi wa kukitumia. Mwaka 2003 Viswanath Venkatesh na wenzake, Davis akiwemo, waliunganisha vielelezo kadhaa wakapata kimoja kipana, UTAUT, iliyoongeza msukumo wa watu wanaomzunguka mtumiaji na mazingira yanayomwezesha. Mwaka 2012 ikaja UTAUT2 iliyomlenga mlaji wa kawaida, na ndani yake zikaingia bei, raha ya kutumia, na mazoea.

Imeenea kwa sababu inafanyika kwa haraka na kwa bei nafuu. Maswali yameshatungwa, kipimo ni cha 1 hadi 5, unakusanya watu mia tatu, unaingiza kwenye programu ya takwimu, mishale inayounganisha sababu na nia inatoka na namba zake. Aijaz Shaikh na Heikki Karjaluoto walipopitia tafiti 55 za benki kwa simu, katika mapitio waliyoyachapisha mwaka 2015, walikuta TAM na matawi yake ndiyo yametawala. Yaliyojirudia kuwa na nguvu ni manufaa, msimamo wa mtu kuhusu huduma, na jinsi huduma inavyoendana na maisha yake.

Matokeo hayo si ya uongo. Ila baada ya mara ya hamsini, kuambiwa tena kwamba watu hutumia kitu wanachokiona kina manufaa hakumsaidii mtu wa sera wala wa benki kuamua afanye nini Jumatatu. Tomi Dahlberg na wenzake, waliopitia tafiti za malipo kwa simu mwaka 2008 na tena mwaka 2015, walilalamikia jambo hilohilo: watafiti wanarudia mada zilezile.

Kwa hiyo TAM ni mbaya? Msimamizi wangu anaitaka.

Itumie, lakini usiishie hapo. Kielelezo kinahitimishwa na nia, na nia haigharimu kitu. Mtu akiulizwa na kijana nadhifu mwenye karatasi ya chuo kikuu kama ana nia ya kutumia teknolojia ya kisasa, atajibu "nakubali sana". Ni heshima kwa mgeni. Ukiweza, omba muhtasari wa miamala yake ya mwezi mmoja, kwa ridhaa yake, uulinganishe na majibu yake. Hata meseji za muamala kwenye simu zinatosha kuonyesha tarehe, aina na kiasi.

Kasoro ya pili ni nani anayeulizwa. Sampuli nyingi ni wanafunzi wa chuo na wateja waliokutwa foleni ya benki mjini. Ambaye hakuanza kabisa, na aliyeanza akaacha, hawako foleni hiyo.

Ya tatu inahitaji mfano. Keti mchana mmoja kwenye kibanda cha wakala kijijini. Bibi anakuja na simu ya batani imefungwa kwenye kanga, anampa wakala simu yenyewe pamoja na namba ya siri iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi. Wakala anabonyeza, anaandika kwenye daftari, bibi anaweka sahihi ya dole gumba, anapewa shilingi 20,000 kamili. Zimetimia kwa sababu mwanawe alituma "na ya kutolea", maana yake aliongeza makato ya kutoa juu ya kiasi alichokusudia. Sasa mletee bibi huyo dodoso. "Je, huduma ni rahisi kutumia?" Ni rahisi, kijana wa kibandani ndiye anayebonyeza. "Je, gharama ni nafuu?" Hajawahi kuilipa. "Je, unaamini usalama wake?" Amempa mtu namba ya siri. Kila jibu atakalotoa litaingia kwenye mahesabu kama la mtumiaji huru, na mishale itatoka mizuri.

Bibi huyu ni sehemu ya kundi kubwa. Takwimu za Global Findex, uchunguzi wa Benki ya Dunia, za mwaka 2021 zilionyesha kwamba karibu theluthi moja ya wenye akaunti za pesa kwa simu kusini mwa Sahara hawawezi kuzitumia bila msaada wa mtu mwingine. Utafiti wa upokeaji, yaani wa nani anakubali huduma mpya, unaompima mtu mmojammoja unashindwa kuona kwamba huku kwetu huduma hutumiwa na familia, na mara nyingi na jirani na wakala pia.

Kuna ushahidi kwamba huduma hizi zinabadilisha maisha?

Upo, na sehemu yake ni imara. Tavneet Suri na William Jack walizifuatilia kaya za Kenya kwa miaka kadhaa tangu mwaka 2008. Katika makala yao ya mwaka 2014 walionyesha kwamba kaya isiyotumia M-Pesa ikipatwa na pigo, kama ugonjwa au kupoteza kazi, matumizi yake yalishuka kwa asilimia 7. Ya kaya inayotumia hayakushuka, kwa kuwa ndugu na marafiki waliweza kutuma msaada, na kutoka kwa watu wengi zaidi. Mwaka 2016 wakachapisha makadirio yaliyonukuliwa duniani kote: kusambaa kwa M-Pesa kuliziinua kaya 194,000, sawa na asilimia 2 ya kaya za Kenya, kutoka kwenye umaskini, na wanawake 185,000 walihama kutoka kilimo kwenda biashara au uuzaji kama kazi yao kuu. Kipimo chao kilitegemea jinsi mawakala walivyoongezeka karibu na kaya. Ni mbinu bora kuliko kuwauliza watu maoni yao.

Kwa Tanzania, Emma Riley aliangalia vijiji vilivyopatwa na mvua mbaya. Walio kwenye pesa kwa simu walilinda matumizi yao, lakini faida haikuwafikia majirani wasiotumia. Hili halizungumzwi vya kutosha. Huduma inaweza kumwokoa aliye ndani na kumwacha wa nje palepale, kijiji kilekile, msimu uleule.

Nchini Niger, Jenny Aker na wenzake waligawa msaada wa fedha kwa njia ya simu katika baadhi ya vijiji na kwa noti mkononi katika vingine. Kaya zilizopokea kwa simu zilikula vyakula vya aina nyingi zaidi. Sehemu ya maelezo ni kwamba wanawake hawakupoteza siku kwenda kusubiri mgao, na walikuwa na sauti zaidi juu ya fedha hizo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Rwanda, kabla pesa kwa simu haijafika huko. Februari 2008 tetemeko lilipiga eneo la Ziwa Kivu. Joshua Blumenstock, Nathan Eagle na Marcel Fafchamps walichambua kumbukumbu za mtandao wa simu wakaona watu wakiwatumia vocha wenzao walioko kwenye eneo la maafa. Hapakuwa na dodoso wala swali la nia. Ni tabia yenyewe, imeandikwa na mitambo saa ileile ilipotokea.

Kuna wanaopinga matokeo ya Kenya?

Ndiyo, na wasome kwa makini. Mwaka 2019 Milford Bateman, Maren Duvendack na Nicholas Loubere waliandika kupinga makala ya 2016. Hoja zao: biashara ndogo nyingi hufa na vifo hivyo havikuhesabiwa, madeni ya kaya hayakupewa uzito, na faida ya makato hutoka mifukoni mwa maskini kwenda kwa wanahisa, wengine wa nje ya nchi. Mimi naona ushahidi wa kuhimili mapigo unasimama. Makadirio ya kutoka kwenye umaskini yanabeba mzigo mkubwa zaidi ya nguzo zake, na anayeyanukuu aseme ni makadirio ya timu moja, nchi moja, kipindi kimoja.

Utafiti unasema nini kuhusu wanawake?

Olga Morawczynski alifanya kazi ya kuishi na watu katika Kibera, Nairobi, na kijiji cha Bukura, magharibi mwa Kenya, katika miaka ya mwanzo ya M-Pesa. Aliona wanawake wakiweka akiba ya siri kwenye simu, mahali ambapo mume hafikii kwa urahisi. Aliona pia waume walioko mjini wakituma pesa mara nyingi zaidi na kurudi nyumbani mara chache zaidi, na wake zao wakahofia maana yake. Dodoso la kipimo cha 1 hadi 5 lisingeyapata haya mawili kwa pamoja.

Uganda, Riley alifanya jaribio na wanawake wakopaji wa BRAC, shirika la mikopo midogo: baadhi walipewa mkopo kwenye akaunti ya simu badala ya noti. Biashara zao zilifanya vizuri zaidi, hasa kwa wale waliokuwa wakibanwa na familia wagawe fedha. Uwezo wa kuficha una thamani ya kiuchumi, na ningetamani kuona wanafunzi wetu wakilichunguza hili Tandale au Mwanjelwa kwa staha inayostahili.

Lakini yote hayo yanategemea simu iwe yake. Ukiuliza "una simu?" bila kuuliza "nani mwingine anaishika?", hujauliza kitu.

Tozo ya miamala ilifundisha nini?

Serikali ya Tanzania ilianza kutoza Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, juu ya makato ya kampuni. Malalamiko yakawa makubwa, kiwango kikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, kikapunguzwa tena mwaka 2022, na mwaka 2023 tozo ya kutuma ikafutwa. Uganda ilikuwa imepitia njia hiyo Julai 2018 kwa asilimia 1, ikashusha hadi asilimia 0.5 kwa kutoa tu.

Katika nchi zote mbili miamala ilishuka, na hapa utafiti wa nia ulionyesha udhaifu wake. Manufaa hayakubadilika usiku ule wala wepesi wa kubonyeza. Kilichobadilika ni bei, na watu wakarudi kutuma noti kwenye basi, kumpa dereva bahasha, au kukusanya kiasi cha wiki na kukituma mara moja. Nani alirudi kwenye simu baada ya tozo kufutwa, na nani alibaki na mazoea mapya? Ni swali zuri la tasnifu, na walioyapitia hayo bado wanakumbuka vizuri.

Mikopo ya simu ni matumizi au ni madhara?

Yote mawili, kutegemea mkopo. Prashant Bharadwaj, Jack na Suri, katika utafiti wa M-Shwari, walikuta kwamba asilimia 34 ya waliostahili mkopo waliuchukua, na kaya zao hazikulazimika sana kuacha matumizi muhimu zilipopatwa na pigo. Huo ni mkopo wa benki inayosimamiwa. Programu zilizofuata zilikuwa nyingine: riba ya wiki, kusoma orodha ya namba kwenye simu ya mkopaji, kisha kuwapigia mama mkwe na bosi wake kumwaibisha. Kenya ilitunga sheria mwishoni mwa 2021 kuziweka chini ya Benki Kuu, na Benki Kuu ya Tanzania nayo imetoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali. Utafiti wa kitaaluma juu ya aibu hii ni mdogo kuliko ukubwa wa maumivu yaliyopo mitaani, ambako mikopo ya namna hii huitwa kausha damu.

Na utapeli?

Kila Mtanzania amewahi kupokea ile meseji: "Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja..." Inafanya kazi kwa sababu watu wengi kweli wana pesa wanayotakiwa kuituma siku hiyo. TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, imeweka namba 15040 ya kuripoti. Katika vielelezo vya upokeaji, utapeli huingizwa kama "hatari inayohisiwa", swali moja au mawili. Aliyeibiwa mtaji wa genge hahisi hatari. Ameibiwa, na hatua anayoichukua baada ya hapo, kuacha, kupunguza salio, au kumpa mtoto simu amsaidie, ndiyo data.

Mawakala wamechunguzwa vya kutosha?

Bado. Tunajua ukaribu wao una maana kubwa, ndio msingi wa kazi ya Suri na Jack. Francis Annan ameonyesha Ghana kwamba baadhi ya mawakala huwatoza wateja zaidi ya bei halali, na kwamba wateja wakifahamishwa bei tabia hiyo hupungua. Kuhusu floti, yaani fedha za kazi za wakala, inapoisha siku ya mnada, usalama wa wakala jioni, na kamisheni inayosinyaa, maandishi ni machache mno kwa Kiswahili na hata kwa lugha nyingine.

Takwimu za kuaminika nazipata wapi?

Anza na tafiti za kitaifa za huduma za fedha, FinScope Tanzania na FinAccess ya Kenya, na Global Findex. Ripoti zao ni za wazi. FinScope ya 2023 ilikuta asilimia 76 ya watu wazima Tanzania wanatumia huduma rasmi za fedha, kutoka asilimia 65 mwaka 2017, na sehemu kubwa inabebwa na simu. FinAccess ya kwanza, ya 2006, ilikuta asilimia 26.7 Kenya, ya 2021 ilikuta 83.7. Benki kuu zetu pia hutoa takwimu za miamala.

Angalia kitu kimoja: idadi ya akaunti siyo idadi ya watu. Mtu mmoja ana laini tatu. Na "akaunti hai" kwa kawaida ni iliyofanya muamala ndani ya siku 90, hivyo aliyepokea pesa mara moja Idi na aliyelipa kila siku kwa lipa namba wanahesabiwa sawa.

Nataka kwenda uwandani. Nianzie wapi?

Kwa Tanzania Bara: barua ya chuo, kisha ofisi ya katibu tawala wa mkoa, wa wilaya, mtendaji wa kata, na mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Zanzibar ina utaratibu wake, ulizia mapema. Kwa kumbukumbu za miamala, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina yake ya 2019, kwa hiyo ridhaa iwe ya maandishi na mtu aelewe anaridhia nini. Usipige picha daftari la wakala: lina majina, namba za simu na sahihi za watu ambao hukuwaomba. Mwombe wakala akuhesabie mwenyewe: wangapi walitoa leo, wangapi waliweka, wangapi alilazimika kuwabonyezea. Hesabu hiyo ya tatu sijaona chombo kinachoikusanya, na kila wakala anaijua kwa kichwa.